Nyumba za Matofali kwa Reli Ndogo ya Mfano

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja katika mkutano wa Chama wa kila mwezi, nayo imechapwa hapa kwa ombi la waliohudhuria.)



Bwana Katibu aliponiandikia barua kuniomba niseme mbele yenu, nalimjibu ya kuwa mimi si msemaji, wala sina habari ya maana ya kuwapasha watu waliokwisha kusikia hotuba juu ya akiba, na afya ya watoto, na kilimo cha bustani. Akanirudishia mstari mmoja tu: "Njoo utueleze zile nyumba zako." Hapo nikafahamu kwamba siri yangu imetoka. Najua pia yanayosemwa barazani, kwamba karani fulani, mtu mzima mwenye mke na watoto watatu, akitoka kazini hujifungia ndani akacheza vijumba kama mtoto. Maneno hayo siyakatai yote. Mlango naufunga kweli, kwa sababu ya upepo, na kwa sababu ya hao watoto watatu.

Basi kwanza nieleze kazi yenyewe ni nini. Huko Uingereza wako watu wengi wazima, makarani na walimu na madaktari na madereva wa gari la moshi wenyewe, ambao wakati wa mapumziko hutengeneza reli ndogo ya mfano, yenye injini na mabehewa, na stesheni, na madaraja, na nyumba zilizo kando ya njia. Katika mji wa London kiko chama cha watu hao kilichoanzishwa mwaka wa 1910. Kipimo wanachokipenda wengi wao ni milimita 4 kwa kila futi moja, maana yake kitu cha kweli hupunguzwa mara 76 hivi. Kwa kipimo hicho mtu wa futi sita huwa na urefu wa milimita 24, na reli yetu ya zamani, ambayo upana wake ni mita moja, huwa milimita 13 na kidogo. Mimi nalipata habari hizi katika bunda la magazeti ya kazi hiyo niliyoachiwa na mtu aliyestaafu akarudi kwao. Nilitaka magazeti yale ya kufungia vitabu vya watoto. Nikaanza kuyasoma, na vitabu vya watoto havijafungwa hata leo.

Katika magazeti yale, injini hazikunishika moyo. Kilichonishika ni nyumba. Nalikuta habari za mtu mmoja, jina lake Roye England, aliyezaliwa Australia akafika Uingereza mwaka wa 1925, akakaa katika bonde liitwalo Vale of White Horse. Bonde lile lilikuwa na vijiji vya kale, nyumba za matofali na za mawe zenye paa za nyasi, na kila nyumba ilikuwa na sura yake. Akaona zikiharibika mbele ya macho yake: nyasi zinatolewa na kuwekwa vitu vipya visivyopatana na kuta, nyingine zinabomolewa kabisa. Hakuwa na mali ya kuzinunua wala cheo cha kuwakataza wenyewe. Akachukua utepe wa kupimia, akaenda nyumba kwa nyumba, akapima kuta na madirisha na dohani, akaandika rangi, kisha akaanza kuzijenga upya kwa karatasi ngumu na rangi za maji, kwa kipimo kile kile cha milimita 4 kwa futi. Mwaka wa 1954 akafungua jumba la kuonyesha kazi hiyo katika kijiji cha Long Wittenham, nalo huitwa Pendon. Yeye alifariki mwaka wa 1995, lakini jumba lipo, na wenzake wanaendelea na bonde lile kama lilivyokuwa katika miaka ya 1920 na 1930. Nyumba moja huweza kumshughulisha mtu miezi mingi, na nyingine hupita mwaka. Nataka mlikumbuke jambo hili nitakaporudi kwa habari zangu mwenyewe.

Sasa tuje kwenye ukuta. Mtu akiulizwa ukuta wa matofali una rangi gani, atajibu upesi, "Nyekundu." Nami nalijibu hivyo, nikanunua rangi nyekundu, nikapaka, na nyumba yangu ya kwanza ikafanana na sanduku la chai. Nendeni mkatazame ukuta wa kweli, lakini mtazame kama mnavyokagua hesabu ya fedha, tarakimu moja moja. Mtaona tofali moja ni la rangi ya chungwa, la pili ni kahawia, la tatu limeungua likawa karibu na zambarau, na katikati yake kuna chokaa iliyo nyeupe kidogo au kijivu. Sisi tuliosoma katika shule za misioni hatuna udhuru wa kutolijua hili, maana wengi wetu tuliyabeba matofali yale kichwani. Tanuru likifunguliwa, yale yaliyokaa karibu na moto yalikuwa meusi na magumu, na yale ya pembeni yalikuwa mapevu kwa shida, yakimomonyoka mkononi. Fundi aliyachanganya yote akajenga. Kwa hiyo mchanganyiko wa rangi ukutani ni habari ya moto ulivyowaka siku ile.

Wekundu wenyewe hutoka katika chuma kilichomo ndani ya udongo. Tofali likichomwa penye hewa ya kutosha huwa jekundu. Likichomwa kwa moto mkali sana hali limenyimwa hewa, chuma kile kile hulifanya kuwa la buluu iliyoiva. Huko Uingereza matofali ya buluu ya Staffordshire yalipendwa na wahandisi wa reli kwa kuwa ni magumu na hayanywi maji, wakayatumia katika madaraja na kwenye kingo za majukwaa. Tena kule London udongo ulichanganywa na chokaa ya asili, matofali yakatoka ya manjano. Stesheni ya King's Cross, iliyofunguliwa mwaka wa 1852, ni ya matofali hayo ya manjano. Jirani yake kabisa iko St Pancras ya mwaka wa 1868, na hoteli yake iliyo mbele ilifunguliwa mwaka wa 1873, nayo ni nyekundu, kwa matofali yaliyoletwa kutoka Nottingham. Mtu huenda kutoka moja hata nyingine kwa miguu, dakika chache tu, akaona nchi mbili za udongo mbalimbali. Basi mwenye kutengeneza mfano akikosea rangi, amekosea mahali.

Jambo la pili ni mpango wa matofali ukutani, na hapa ndipo wengi huanguka, hata Waingereza. Ukuta wa zamani ulio mnene wa inchi tisa haujengwi kwa matofali yaliyolazwa ubavu tupu. Fundi hulaza baadhi yake kwa kuvuka ukuta, hata uonacho kwa nje ni kichwa cha tofali tu, ili pande mbili za ukuta zishikane. Mpango mmoja huitwa wa Kiingereza: safu moja, ambayo mafundi wetu huiita kozi, ni mbavu zote, na kozi inayofuata ni vichwa vyote. Mwingine huitwa wa Kiflemi: katika kozi moja huja ubavu, kisha kichwa, kisha ubavu. Ukiona mfano wa ghala la kale ambao kozi zake zote ni mbavu tupu, ujue aliyeutengeneza hakutazama ghala, alitazama nyumba mpya.

Na kazi yake ni hii. Tofali la Kiingereza pamoja na chokaa yake ni inchi 9 kwa inchi 3, yaani kozi nne kwa futi moja. Kwa kipimo chetu kozi moja ni milimita 1, na ubavu wa tofali ni milimita 3. Chukueni ukuta wenye urefu wa futi 40 na kimo cha futi 12. Kwa mfano utakuwa milimita 160 kwa 48, waweza kuuficha chini ya kiganja na vidole. Lakini una kozi 48. Kozi 24 za mbavu, kila moja ina mbavu 53 hivi, na kozi 24 za vichwa, kila moja ina vichwa 106 hivi. Jumla ni kama 3,840, pasipo kutoa milango na madirisha, nayo huchorwa moja moja. Nimewaona wengine wakicheka. Mimi nasema, mtu aliyekwisha kunakili daftari la mishahara la mwaka mzima kwa mkono asiogope hesabu hiyo.

Huchora kwa nini? Wako wanaonunua karatasi iliyochapwa matofali wakaigandisha ukutani, au bamba la plastiki lililotiwa alama za matofali kwa mashine. Siwalaumu, ila karatasi iliyochapwa haina bonde lolote kati ya tofali na tofali, na kwenye pembe ya nyumba mara nyingi haikutani sawasawa. Mimi hutumia karatasi ngumu laini, nikachora kozi kwa penseli kidogo sana, kisha nikapitisha ncha butu ya sindano ya kushonea magunia, nikiegemeza juu ya rula ya chuma. Sindano haikati karatasi, inaibonyeza tu. Viungo vya kusimama nivifanyavyo kwa kipande cha wembe nilichokivunja kwa upana wa milimita moja na kukinoa hata kikawa butu. (Karatasi hiyo nainunua dukani kwa fedha yangu. Nasema hivi kwa kuwa Bwana Mtunza Stoo yumo humu ndani, naye amenitazama.)

Madirisha hukatwa kabla ya kuunganisha kuta. Msisahau unene: katika nyumba ya kweli dirisha limeingia ndani inchi nne na nusu, basi katika mfano liwe ndani milimita moja na nusu, ama sivyo nyumba itaonekana imechorwa usoni mwa kasha. Juu ya dirisha huwekwa tao, au matofali yaliyosimamishwa wima. Tofali halikai hewani bila kushikwa, hata likiwa la karatasi.

Rangi nazo zina utaratibu wake. Kwanza napaka ukuta mzima rangi hafifu ya chokaa, kijivu chenye manjano kidogo, ikaingia ndani ya mabonde. Ikikauka, nachukua burashi iliyobanwa maji yote hata ikawa karibu kavu, nikaipitisha kwa ubapa juu ya nyuso za matofali tu, rangi ya udongo mwekundu uliopunguzwa kwa kahawia, mabonde hayaguswi. Mwisho nachagua tofali moja moja, labda moja katika kila kumi, nikalitia rangi yake, hili jeusi, lile la chungwa, bila mpango. Na hilo "bila mpango" ndilo gumu kuliko yote. Mkono wa karani hupenda mistari. Baada ya nusu saa nalikuta nimeyapanga yale meusi kwa hatua sawa kama nguzo za simu. Siku hizi natupa punje za mtama juu ya ukuta, palipoangukia punje ndipo pa kutia rangi. Tena rangi zote zififishwe kuliko zilivyo kweli, maana kitu kikiwa mbali hupauka, na nyumba ndogo ni kama nyumba ya kweli inayotazamwa kutoka mbali. Na isiwe na mng'ao hata kidogo.

Kisha huja uchafu, na wageni wa kazi hii huona ajabu kwamba mtu apake nyumba vizuri halafu aichafue. Lakini nyumba ya reli lazima iwe na masizi pale injini zilipokuwa zikisimama, na michirizi ya mvua chini ya madirisha, na ukijani wa unyevu karibu na msingi, hasa mahali mlizamu ulipotoboka. Masizi mimi hupata katika kibatari.

Sasa nirudi kwa habari zangu. Baadhi yenu mnalikumbuka ghala la matofali lililokuwa kando ya njia ya reli, mwisho wa mji, lenye paa la mabati yaliyoshika kutu. Halikuwa jumba la fahari. Lakini ndilo nililotaka kulijenga, kwa kuwa marehemu baba yangu alishusha magunia pale. Niliposikia litabomolewa, nikaomba ruhusa, nikaenda Jumamosi tatu pamoja na mwanangu wa kwanza. Tukapima mbele na ubavu wa kulia na wa kushoto. Ukuta wa nyuma ulikuwa umezibwa na vichaka na mapipa, nikasema, huo nitaupima Jumamosi ya nne. Siku ya Jumatano nilipotoka kazini nalikuta rundo. Niliokota matofali mawili, moja jekundu na moja lililoungua, nikayafunga katika gazeti nikaenda nayo nyumbani.

Ile nyumba ya kwanza niliijenga upesi mno, kwa huzuni. Kuta niliziunganisha kwa uji wa unga wa ngano. Ikaja masika, kuta zikajikunja kama majani ya tumbaku, na usiku mende wakaula uji pamoja na pembe za nyumba. Ya pili niliitia sherisi, nikagandisha karatasi tatu pamoja, nikapaka rangi ndani na nje ili unyevu usivute upande mmoja, na ndani nikaweka vijiti vya kushikilia. Ile ilisimama. Nikaona fahari, nikaichukua kwa mzee mmoja fundi mwashi, ambaye katika ujana wake alibeba udongo siku ghala lile lilipojengwa, ili aniambie ukuta wa nyuma ulikuwaje.

Mzee aliigeuza nyumba mikononi muda mrefu, akaisogeza karibu na jicho lake lizima. Akaweka ukucha kwenye mlango, akawa anahesabu kimya. Kisha akasema, "Mwanangu, mlango huu si wetu."

Nikamwambia, "Mzee, niliupima mwenyewe, futi saba kamili."

Akajibu, "Futi sizijui. Sisi mlango ule tuliupandisha kozi ishirini na nne. Wewe umeweka ishirini na nane."

Wanachama wenzangu, nalirudi nyumbani nikafungua lile gazeti, nikayapima yale matofali mawili ambayo nilikuwa nayatazamia rangi tu. Yalikuwa makubwa kuliko ya Kiingereza. Pamoja na chokaa, kozi nne hazikuwa futi moja bali inchi 14, yaani kozi moja ni inchi tatu na nusu. Futi saba ni inchi 84, gawanyeni wenyewe. Kimo cha ukuta na cha mlango nilivipima kwa utepe kwa uangalifu wote, lakini kozi sikuzihesabu, kwa kuwa nilikwisha kusoma katika magazeti kwamba ni nne kwa futi. Nilikuwa nimesimama mbele ya ukuta wenyewe Jumamosi tatu, nikauamini ukuta wa watu wengine.

Nikaibomoa ile ya pili. Ya tatu ina kozi 41 badala ya 48, kila moja milimita moja na sehemu kidogo zaidi ya sita ya milimita, na ili kuchora kipimo hicho kisicho katika rula ilinibidi nijitengenezee kipande cha bati chenye meno. Mzee alinieleza pia ukuta wa nyuma: kulikuwa na dirisha moja ambalo baadaye lilizibwa kwa matofali ya tanuru jingine, meusi zaidi, na yule aliyeziba hakufuata mpango wa vichwa na mbavu, "kwa kuwa alikuwa na haraka, au alikuwa mpishi," ndivyo alivyosema. Nimeliziba hivyo hivyo. Lakini dirisha lile lilikuwa umbali gani kutoka pembeni, mzee mara alisema hatua nne, mara tano. Nimeliweka kati ya nne na tano, na nyuma ya mfano, chini ya sakafu, nimeandika kwamba mahali pale si pa hakika.

Nyumba yenyewe iko pale juu ya meza, karibu na dirisha. Mkiinua, shikeni msingi, msishike paa. Paa halikugandishwa, ili mtu aweze kuona miti ya ndani. Yale matofali mawili yako kando yake, nanyi mwaweza kuyalinganisha.

La mwisho, nimepita juzi nyuma ya soko nikaona ile zahanati ya kale ya matofali imetiwa alama ya msalaba ukutani kwa rangi. Sijui ni lini, wala sikuuliza, maana mara iliyopita niliuliza nikaambiwa bado. Kesho kutwa, Jumamosi, saa tisa mchana nitakuwa pale na utepe na daftari. Mwanangu amekwenda shuleni bweni, nahitaji mtu mmoja wa kushika ncha ya pili. Tutaanza na ukuta wa nyuma.